Jinsi ya Kupata Picha Kali Katika Darubini ya Jicho Moja: Mwongozo Kamili

Darubini ya jicho moja, ile ndefu inayosimamishwa juu ya tripodi kwa ajili ya kutazama ndege, wanyama, meli au shabaha zilizo mbali, kwa kawaida hukuza vitu kati ya mara 20 na mara 60, na ugumu wake unaanzia hapo. Kitu kinapokuzwa, kila kinachokisumbua hukuzwa pamoja nacho: mkono unaotetemeka, upepo unaoisukuma tripodi, joto linalopanda kutoka ardhini, na kosa dogo la fokasi (urekebishaji unaoifanya picha iwe kali) ambalo katika binokula, yaani darubini ya macho mawili, ya mara 8 lisingeonekana kabisa. Matokeo yake ni kwamba mtu hununua chombo kizuri, akakielekeza mbali wakati wa adhuhuri kwa ukuzaji wa juu kabisa, akaona picha inayochezacheza na kufifia, kisha akahitimisha kwamba ameuziwa kioo kibaya.

Mara nyingi kioo hakina kosa lolote. Ukali wa picha hutafutwa kwa mpangilio: hewa kwanza, kisha usimamishaji wa chombo, kisha jicho na fokasi, na ubora wa lenzi mwisho. Anayeuvuruga mpangilio huo huishia kubadilisha darubini moja baada ya nyingine huku tatizo likibaki palepale, kwa hiyo mwongozo huu umefuata njia hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: isome hewa

Nuru hupinda kidogo kila inapovuka kutoka hewa ya baridi kuingia hewa ya joto. Jua linapoipasha ardhi, ardhi nayo huipasha hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo hupanda kwa mafungu yasiyo na mpangilio, kila fungu likiipinda nuru kwa namna yake. Ukitazama kitu kilicho umbali wa mita 500, nuru yake imepita katika mafungu mengi ya aina hiyo kabla ya kuifikia lenzi yako. Ni tabia hiyohiyo ya hewa inayozaa mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana juu ya barabara ya lami wakati wa jua kali. Hakuna lenzi, hata iwe ghali kiasi gani, inayoweza kuirudisha nuru hiyo katika njia yake ya awali.

Jambo la kwanza, basi, ni kujifunza kutofautisha picha iliyoharibiwa na hewa na picha iliyoharibiwa na fokasi. Fokasi ikiwa mbaya, picha huwa na ukungu uliotulia, usiobadilika, unaoenea sawasawa. Hewa ikiwa mbaya, kingo za vitu hutetemeka na kuchemka. Mstari ulionyooka, kama vile nguzo au ukingo wa paa, huonekana ukipindapinda, na mara mojamoja kwa sehemu ya sekunde picha hutulia na kuwa kali kabla ya kuvurugika tena. Upo pia uchunguzi ulio rahisi kufanya. Baada ya kuweka fokasi juu ya kitu unachokitazama, zungusha gurudumu la fokasi polepole ili uone vizuri mahali palipo karibu zaidi, yaani kati yako na kitu hicho. Ikiwa hewa ina msukosuko, utaona mawimbi membamba yakipita katika uwanja wa picha, yakipanda wima pale ambapo hakuna upepo, au yakilala na kukimbia upande mmoja pale ambapo upepo unavuma. Walenga shabaha hutumia mawimbi hayo kukadiria nguvu na mwelekeo wa upepo. Kwako wewe ni ushahidi kwamba kuongeza ukuzaji hakutasaidia kitu.

Ukishajua kwamba hewa ndiyo tatizo, yako mambo kadhaa ya kufanya. Lililo na nguvu kuliko yote ni kuchagua saa. Alfajiri na asubuhi mapema, kabla ardhi haijapata joto, hewa huwa imetulia kuliko wakati mwingine wowote wa mchana, na kipindi cha jioni jua likiwa limeinama hufuata kwa ubora. Siku yenye mawingu mazito inaweza kukupa picha nzuri hata saa sita mchana, na mvua ikiisha hewa huwa imesafishwa vumbi na ardhi imepoa. Usidanganyike na siku ya baridi yenye jua kali, kwani kinachovuruga picha ni tofauti ya joto kati ya ardhi na hewa, na tofauti hiyo huweza kuwa kubwa hata mahali penye theluji.

Jambo la pili ni mahali. Mstari wako wa kutazama unapopita karibu na ardhi, hupita katika tabaka lenye msukosuko mwingi zaidi, hivyo kupanda juu ya kilima kidogo, ukuta au jukwaa huweza kuibadilisha picha kabisa. Epuka kutazama juu ya lami, mchanga mkavu, mawe, mapaa ya mabati au boneti ya gari ambalo injini yake bado ni ya moto. Majani mabichi hupata joto kidogo kuliko udongo mtupu. Ukiwa na hiari, sogea karibu na unachokitazama: kupunguza umbali kwa nusu huondoa nusu ya hewa mbaya, na hakuna kifaa chochote utakachonunua kitakacholeta faida ya namna hiyo.

Hewa mbaya nyingine ni ile unayojiletea mwenyewe. Kutazama kupitia dirisha lililofunguliwa la nyumba au gari lenye joto tofauti na nje huleta mkondo wa hewa mbele kabisa ya lenzi, na huo una madhara makubwa kwa sababu nuru yote hupita humo. Subiri hadi joto la ndani na la nje likaribiane, au toka nje. Kutazama kupitia kioo cha dirisha ni kubaya zaidi, kwa kuwa kioo cha kawaida hakikutengenezwa kwa usahihi wa lenzi. Binokula hukivumilia, lakini darubini ya mara 40 hukianika. Chombo chenyewe nacho kinahitaji muda. Kikitoka mahali penye joto au penye kiyoyozi, hewa iliyo ndani ya bomba na vioo vyenyewe huwa na joto tofauti na la nje, na picha haitatulia mpaka vilingane. Kitoe mapema na ukipe nusu saa kivulini. Ukikitoa kwenye baridi na kukipeleka kwenye joto lenye unyevu, umande hutanda juu ya lenzi. Kiache kifunikwe ndani ya mkoba wake hadi kipate joto taratibu.

Hewa isipotulia kabisa na bado unahitaji kuona, punguza ukuzaji hadi mara 20 au 25 na uwe na subira. Zile sehemu za sekunde ambazo picha hutulia ndizo zinazobeba taarifa zote. Jicho lililozoea hujifunza kuzikusanya na kuyapuuza mengine, na mtu aliyetazama dakika tano bila kuondoa jicho ataona mambo ambayo aliyechungulia mara moja hawezi kuyaona.

Hatua ya pili: isimamishe darubini isitikisike

Mtikisiko mdogo kabisa wa bomba huonekana umekuzwa mara 60 pale unapokuwa kwenye ukuzaji huo. Ninaamini kwamba fedha iliyotumika kununua tripodi imara ina faida kubwa kuliko fedha hiyohiyo ikiongezwa kwenye darubini, na yeyote mwenye bajeti ndogo aanzie hapo.

Panga miguu ya tripodi kwa kufungua kwanza vipande vinene vya juu, na vile vyembamba vya chini uvifungue tu ikiwa urefu haujatosha. Nguzo ya katikati ibaki chini kabisa, kwa sababu ikiinuliwa hugeuka kuwa fimbo moja inayotikiswa na kila upepo. Panua miguu hadi mwisho wa vizuizi vyake, na hakikisha kila kifungio kimekazwa, na skrubu inayoshika bamba la darubini pia. Mguu mmoja uelekee kule unakotazama, ili upate nafasi ya kusimama kati ya miwili iliyobaki bila kuigonga. Kwenye udongo, ikandamize miguu iingie ardhini. Kwenye jukwaa la mbao, tambua kwamba hatua za watu wengine zitapita moja kwa moja hadi kwenye picha yako, na sogea mahali ambapo nguzo za jukwaa zinashikilia mbao.

Ukiweza kukaa, kaa. Tripodi fupi haitikisiki kama ndefu, mwili uliokaa hutulia kuliko uliosimama, na upepo karibu na ardhi ni dhaifu. Ni kweli kwamba kushuka chini kunakurudisha kwenye lile tabaka la hewa lenye joto, kwa hiyo pima: asubuhi yenye upepo, kaa chini, adhuhuri isiyo na upepo, simama. Upepo ukiwa mkali, ning'iniza mkoba wenye uzito kwenye nguzo ya katikati, lakini uguse ardhi kidogo ili usibembee. Ondoa mikanda na vifuniko vinavyopepea, kwani kila kitambaa kinachopigwa na upepo hulivuta bomba, na jiweke mwenyewe upande unakotoka upepo ili mwili wako uwe kinga.

Sawazisha pia uzito wa darubini juu ya kichwa cha tripodi. Isogeze mbele au nyuma kwenye bamba lake hadi ikae yenyewe bila kuangukia upande wowote hata kifungio kikiwa kimelegezwa. Darubini isiyo na usawa hukulazimisha kukaza kichwa kwa nguvu, na ukiachia mkono picha hushuka polepole hadi kitu ulichokilenga kitoke katikati.

Kupima uimara wa mpangilio wako ni rahisi. Weka ukuzaji wa juu, ligonge bomba kwa ncha ya kidole, kisha hesabu muda ambao picha inachukua kutulia. Ikitulia ndani ya sekunde moja au mbili, mpangilio unafaa. Ikiendelea kutetemeka zaidi ya hapo, tafuta kiungo kilicholegea, na usipokipata, basi tripodi yenyewe ni dhaifu kwa mzigo huo. Baada ya kila kugusa, ondoa mkono kabisa na usubiri. Wengi hushikilia bomba wakidhani wanalituliza, kumbe mapigo ya moyo na pumzi zao hupita kwenye vidole hadi kwenye picha.

Hatua ya tatu: weka jicho mahali pake

Kwenye lenzi ya jicho kuna kikombe cha mpira kinachozungushwa au kukunjwa. Asiyevaa miwani akitoe nje. Anayevaa akirudishe ndani, ili jicho lipate umbali unaotakiwa. Mwenye miwani kwa kawaida huhitaji lenzi ya jicho inayomruhusu kukaa milimita 15 hadi 20 nyuma ya kioo na bado akaona duara lote la picha. Ukiona vivuli vyeusi vikielea na kutoweka kila unaposogeza kichwa, jicho liko karibu mno au liko pembeni. Rudi nyuma kidogo kidogo hadi vivuli vitoweke na ukingo wa duara uonekane wazi pande zote.

Je, uvue miwani? Ikiwa una tatizo la kuona mbali au karibu pekee, unaweza kuvua, kwa sababu gurudumu la fokasi litalirekebisha. Ikiwa miwani yako inasahihisha pia uso wa mbele wa jicho usio na mviringo kamili, ile hali inayofanya mistari ya upande mmoja ionekane kali na ya upande mwingine ififie, fokasi haiwezi kuirekebisha, na ni heri ubaki nayo. Athari ya hali hiyo huonekana zaidi kwenye ukuzaji mdogo, ambapo nuru inayoingia jichoni ni pana, na hupungua ukuzaji ukipanda.

Jicho la pili lisifumbwe kwa nguvu. Kufumba hukaza misuli ya uso, na mkazo huo hulifikia hata jicho linalotazama; baada ya dakika chache unaanza kuona ukungu ambao haumo katika darubini. Liache wazi ukilizoeze kupuuza, au lifunike kwa kiganja au kipande cha kitambaa cheusi kinachoning'inia kwenye kofia. Simama au kaa katika namna ambayo shingo haijipindi, na ikiwa lenzi ya jicho imeinama kwa pembe, tripodi iwe fupi kiasi cha kukufanya uinamishe kichwa kwa urahisi. Jihadhari na pumzi yako pia, hasa kwenye baridi, kwa kuwa pumzi moja ikiigonga lenzi ya jicho hutosha kuitia ukungu.

Hatua ya nne: tafuta, weka fokasi, kuza, kisha weka fokasi tena

Anza kila mara na ukuzaji mdogo kabisa. Uwanja wa picha ni mpana, kitu ni rahisi kukipata, na picha ina nuru nyingi. Kilete katikati kabisa ya duara, kwa sababu katikati ndipo lenzi yoyote ilipo na ukali wake wote. Pembeni picha hufifia na kingo za vitu huanza kupata rangi, hata katika darubini nzuri.

Kwa fokasi yenyewe, usitafute umbo zima. Tafuta ukingo mmoja wenye tofauti kubwa ya weusi na weupe. Kwa ndege, jicho ndilo bora: weka fokasi hadi kile kinukta cheupe cha nuru kilicho juu ya mboni kiwe kidogo na kikali kadiri kinavyoweza, kisha tazama manyoya yaliyo nyuma ya jicho, uone kama kila unyoya una mstari wake. Kwa meli, chukua herufi za jina; kwa shabaha, ukingo wa tundu la risasi.

Jicho la mwanadamu, hasa la kijana, lina uwezo wa kujirekebisha lenyewe, na uwezo huo hudanganya. Unaweza kuona picha kali huku jicho likifanya kazi ya ziada bila wewe kujua, na baada ya dakika kumi kichwa kikaanza kuuma na picha ikaanza kufifia. Njia ya kulizuia ni hii: zungusha gurudumu hadi fokasi iwe upande wa karibu, yaani mbele ya kitu, ambako picha ina ukungu ambao jicho haliwezi kuuondoa lenyewe. Kutoka hapo isogeze polepole kuelekea mbali, na usimame pale picha inapokuwa kali kwa mara ya kwanza. Ukienda mbele zaidi, picha itaonekana bado kali kwa muda, lakini sasa ni jicho lako linaloishikilia. Kama umepita, usirudi nusu nusu; rudi hadi upande wa karibu na uanze upya.

Darubini zenye magurudumu mawili hukuwezesha kukaribia kwa lile la haraka na kumalizia kwa lile la polepole, nalo la polepole ndilo linaloleta ukali. Zenye pete moja kubwa inayozunguka bomba huhitaji mkono mwepesi. Shika pete kwa vidole viwili tu, zungusha kidogo, achia, subiri itulie, kisha tazama.

Ukishapata fokasi, ongeza ukuzaji taratibu na uweke fokasi upya. Fokasi iliyoonekana sahihi kwenye mara 20 huenda ilikuwa na kosa dogo ambalo kwenye mara 50 linakuwa ukungu mtupu. Kumbuka pia kwamba kitu kikiwa karibu, kina cha ukali ni kifupi mno: kwenye umbali wa mita 10 na ukuzaji mkubwa, sentimita chache zinatosha kuutoa mkia wa ndege kwenye fokasi huku kichwa chake kikiwa kimekaa vizuri.

Hatua ya tano: jua ukuzaji ukomee wapi

Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa duara la nuru linaloingia jichoni. Darubini yenye lenzi ya milimita 80 kwenye mara 20 hutoa duara la milimita 4. Kwenye mara 60 hutoa milimita 1.3 tu. Mboni ya jicho mchana wenye jua huwa na upana wa milimita 2 hadi 3, na gizani kwa kijana hufikia karibu milimita 7. Kwa hiyo mchana ukuzaji mkubwa unavumilika, lakini magharibi ikikaribia, duara la milimita 1.3 huleta picha nyeusi ambayo jicho haliwezi kuisoma, na kushuka hadi mara 25 hukuonyesha zaidi, si pungufu.

Upo pia mpaka wa lenzi yenyewe. William Rutter Dawes, mwanaastronomia Mwingereza wa karne ya 19, alipata kwa majaribio kanuni ambayo bado inatumika: gawanya 116 kwa kipenyo cha lenzi kwa milimita, na jibu ni pembe ndogo kabisa, kwa sekunde, ambayo lenzi inaweza kutenganisha nyota mbili zilizokaribiana. Sekunde hapa ni kipimo cha pembe, si cha muda: digrii moja ina dakika 60, na dakika ina sekunde 60. Lenzi ya milimita 80 hufikia takriban sekunde 1.45, ambayo kwenye umbali wa mita 500 ni sawa na milimita 3 na nusu hivi. Jicho zuri lisilosaidiwa hutenganisha karibu dakika moja, yaani sekunde 60. Gawanya 60 kwa 1.45, unapata kama 41. Maana yake ni kwamba kwenye mara 40 hivi darubini hiyo imeshakuonyesha karibu yote inayoyajua, na kutoka hapo hadi mara 60 unaongeza ukubwa na kurahisisha kuona, huku nuru ikipungua na mtetemo ukiongezeka. Kwa kazi nyingi za mchana mimi nashauri mara 25 hadi 40, na mara 60 iwekwe akiba kwa asubuhi zilizotulia.

Hatua ya sita: ielekeze nuru ikusaidie

Jua likiwa nyuma yako, rangi na michoro ya manyoya huonekana. Likiwa mbele, kitu hugeuka kivuli na nuru ya pembeni huingia katika lenzi na kuifunika picha kwa weupe wa maziwa. Vuta nje kinga ya jua iliyo kwenye bomba, na ikiwa haitoshi, weka kivuli kwa kofia au kiganja bila kuligusa bomba. Uso wa kioo kisicho na tabaka la kuzuia mng'ao hupoteza karibu asilimia 4 ya nuru, na sehemu ya nuru hiyo huzurura ndani ya bomba; tabaka hizo, ambazo Alexander Smakula alizibuni mwaka 1935, zimepunguza sana tatizo hilo, lakini hazijaliondoa.

Usiielekeze darubini kwenye jua kamwe, hata kwa kufumba na kufumbua, hata jua likiwa limefifia nyuma ya wingu jembamba. Nuru iliyokusanywa na lenzi ya milimita 80 huunguza retina papo hapo, na jeraha hilo halitibiki. Unapomfuata ndege anayeruka, fahamu kwanza jua liko wapi, na unapoondoka, funika lenzi.

Hatua ya saba: safisha kwa nadra na kwa uangalifu

Vumbi kidogo kwenye lenzi ya mbele haliathiri picha kwa kiasi cha kuonekana. Mafuta ya kidole au ya kope kwenye lenzi ya jicho huathiri sana, kwa sababu lenzi hiyo ni ndogo na nuru yote hupita katika eneo finyu. Puliza vumbi kwanza kwa puto la mpira, ondoa linalobaki kwa brashi laini, kisha tu ndipo utumie kitambaa cha lenzi kilicholoweshwa kidogo kwa maji maalumu ya kusafishia lenzi, ukisugua kwa duara kutoka katikati. Kufuta kwa shati ukiwa umepuliza pumzi ni kukwaruza. Darubini iliyorushiwa maji ya bahari, ikiwa ni ya aina isiyopitisha maji, isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka, kwa kuwa chembe zake hukwaruza kioo. Ihifadhi mahali pakavu pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, maana kuvu wakishaota juu ya lenzi huacha alama hata baada ya kuondolewa.

Hatua ya nane: kipime kioo chenyewe

Sasa, na si kabla, una haki ya kukihoji kioo. Fanya hivyo asubuhi yenye utulivu, kwa ukuzaji wa juu, ukitazama ukurasa wenye herufi ndogo uliobandikwa umbali wa mita 30 hadi 50. Darubini nzuri huwa na nukta moja ya fokasi iliyo dhahiri: ukizungusha gurudumu, herufi huibuka ghafla, na ukipita kidogo tu hupotea. Ikiwa unajikuta ukitafuta huku na huku katika eneo pana ambamo herufi hazijakaa vizuri popote, kioo ni dhaifu.

Kipimo kikali zaidi hutumia nukta ya nuru, kama vile nyota angavu, au mng'ao wa jua juu ya gololi ya chuma iliyowekwa umbali huohuo. Toa fokasi kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili. Nukta inapaswa kufunguka kuwa duara lenye pete zilizozunguka kitovu kimoja, zikifanana pande zote mbili za fokasi. Ikiwa duara ni yai lililolala upande mmoja na kusimama upande wa pili, kuna kasoro. Zungusha kichwa chako, na kama yai linazunguka pamoja nacho, kasoro iko jichoni mwako. Nukta yenye mkia kama kimondo ikiwa katikati ya uwanja inaonyesha kwamba vioo havijapangana. Ukingo wa zambarau au kijani kuzunguka tawi jeusi mbele ya anga jeupe ni tabia ya kioo cha kawaida, na hupungua sana katika lenzi zilizotengenezwa kwa kioo cha mtawanyiko mdogo, yaani kisichotenganisha sana rangi za nuru. Lakini hakikisha jicho liko katikati kabla ya kulaumu, kwani jicho lililokaa pembeni huleta rangi hizo hata pale ambapo hazipo.

Darubini mbili za muundo mmoja hutofautiana, wakati mwingine kwa kiasi cha kushangaza, kwa hiyo ipime ileile utakayoondoka nayo, na si ile ya maonyesho. Ikishindwa vipimo hivi asubuhi mbili tofauti, na mtu wa pili mwenye macho mazuri akaona hivyohivyo, irudishe kwa muuzaji au mtengenezaji ikiwa bado ina dhamana. Usiifungue mwenyewe: nyingi zimejazwa naitrojeni ili zisipate ukungu ndani, na gesi hiyo ikitoka, pamoja na mpangilio wa vioo uliowekwa kiwandani, hakuna bisibisi itakayovirudisha.